Siku Tisa za Maji ya Ba

Jumatano, tarehe tatu, mwezi wa saba. Upepo ulianza kabla ya jua na haujatulia mpaka sasa. Vumbi limeingia hata kwenye mtungi uliofunikwa, na baridi ni ile ya kuvaa sweta juu ya kanga.

Leo tumegawana vitu vya marehemu baba. Arobaini ilipita wiki iliyopita. Kaka alichukua redio na koti, mdogo wangu akachukua saa isiyotembea, na mimi nikapewa kisanduku cha kazi, kile ambacho baba alikaa nacho barazani miaka yote akishona viatu vya matairi. Ndani mna nyundo, kisu, vipande vya mpira, na birika la shaba lenye mdomo mrefu alimowekea misumari. Nilimwaga misumari kwenye ungo, nikalinusa lile birika, sijui kwa nini, labda kwa sababu shaba hunukia kama mkono wa mtu. Chini kabisa, nyuma ya harufu ya chuma, kulikuwa na mafuta ya ufuta yaliyochacha na majani yaliyochemshwa. Nikakaa chini pale pale.

Daftari hili huwa naandikia mvua, kuku waliototoa, na nani amezaa. Niliishia darasa la saba, na jambo refu likinijia huwa nalikimbia. Hili nimelikimbia tangu nikiwa na miaka tisa. Leo nitajaribu, na mahali nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Tulikuwa tunakaa Kiomboi, chumba na ua, nyuma ya duka la Mhindi mmoja. Miaka ile ndiyo biashara ilikuwa imefunguliwa. Wa rika langu mnakumbuka: juzi tu tulikuwa tunapanga foleni ya kipande cha sabuni kwenye duka la ushirika, mara sabuni ikajaa dukani rangi tatu, na mitumba ikawa inamwagwa chini mnadani kama mahindi. Mwenye duka akanunua lori la kubeba vitunguu na alizeti, na baba akawa utingo wake. Kazi ya utingo kwenye mlima wa Sekenke ilikuwa moja: lori likianza kuchoka, anaruka chini na gogo lake, analisukumiza nyuma ya tairi lisirudi. Nilidhani baba ndiye anayeshikilia mlima ule usiporomoke. Hata shuleni nilisema hivyo.

Siku moja mvua ilikuwa imenyesha. Aliruka, akateleza, na gunia likadondoka kutoka juu likampiga kiunoni. Mwenye duka alimpeleka hospitali mwenyewe na alimtazama vizuri, hilo lazima niliandike. Baba alilala huko mwezi mzima. Walimrudisha wakisema mfupa haukuvunjika, ni mishipa, asubiri. Akawa anasubiri kitandani. Miguu ilikuwa yake lakini haimsikii.

Mwenye duka alikuwa na mama yake mzee, mfupi, mwenye nywele nyeupe na sauti ya kuamrisha. Wajukuu wake walimwita Ba, nasi mtaa mzima tukamwita hivyo hivyo. Alikuja kumwona baba, akambonyeza magoti na nyayo, akamwambia mama, "Baba yangu mimi kule kwetu nafanya hii kazi. Maji ya majani, moto kidogo, namwaga pole pole mwili yote. Siku kumi na ine. Hapana ruka siku."

Mama akauliza, "Atatembea, Ba?"

"Mimi si Mungu. Mimi namwaga maji."

Fundi seremala akachonga ubao mrefu wa mninga wenye kingo pembeni, mfereji katikati na tundu kwenye upande wa miguu, ndoo ikae chini yake. Ukawekwa uani juu ya matofali. Kila asubuhi Ba alikuja na sufuria lake. Majani yalikuwa ya hapa hapa: mnyonyo, mwarobaini, mkwaju. Tulikuwa tunayapita kila siku kwenda kisimani bila kujua yana kazi. Baba alipakwa kwanza mafuta ya ufuta, kisha Ba upande huu na mama upande ule wakawa wanammiminia yale maji kwa birika, kila mmoja na lake, kutoka kimo cha kiganja. Yaliyochuruzika ndooni yalirudishwa motoni, yakamiminwa tena. Ba aliyapima kwa kiwiko kama mtu anayemwogesha mtoto.

Haya nayajua kwa kuambiwa baadaye. Wakati ule nilikatazwa kukanyaga uani, kwa sababu baba alikuwa amevuliwa nguo. Nilichokijua ni harufu tu. Iliingia chumbani, ikaingia kwenye nywele za mama na kwenye daftari zangu za shule, nikawa naiona ni harufu ya kupona. Baba mwenyewe alikuwa anafanya mzaha: "Nachemshwa kama mchicha. Wakimaliza watanitia chumvi."

Siku ya nane alisimama. Alishika fremu ya mlango akasimama, jasho likimtoka, akahesabu mpaka kumi na mbili. Mama anasema hakuwahi kusimama kabla ya pale. Marehemu shangazi yangu Hadija alikuwa anasema alishasimama mara moja hospitalini. Mimi nilimwona siku ile tu, kwa hiyo siwezi kuamua kati yao.

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila hili mtanicheka bure. Miezi michache kabla ya hapo bibi yangu, mama yake baba, alifariki kule Kinampanda. Watoto tuliambiwa tukacheze mbali. Sikwenda. Nilichungulia penye upenyo wa shuka walizotundika, nikaona bibi yangu amelazwa kwenye ubao, amefunikwa kitovu hadi magoti, wanawake wawili wakimmiminia maji ya uvuguvugu yenye majani ya mkunazi, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Hakuna aliyeongea. Amefungwa kitambaa kichwani, na masikioni ametiwa pamba. Sikumwambia mtu kwamba nimeona. Nilikaa nayo moyoni kama mtu aliyeiba.

Siku ya tisa mwalimu wetu aliugua, tukarudishwa nyumbani mapema. Nilipofika, nyumba ilikuwa kimya. Nikaenda uani, na kwa sababu nilikatazwa kuingia nikachungulia kwenye ua wa mabua.

Baba alikuwa amelala kwenye ubao, macho yamefumba. Amefunikwa kitovu hadi magoti. Amefungwa kitambaa kwenye paji la uso. Masikioni ana pamba. Mama upande mmoja, Ba upande mwingine, wanammiminia maji yenye majani, hakuna anayeongea, na uso wa mama umelowa wote.

Ulikuwa mvuke. Na kile kitambaa na ile pamba ni za kuzuia maji yasiingie machoni na masikioni. Lakini mtoto anasoma kwa kitabu alichonacho, na mimi nilikuwa na kitabu kimoja tu.

Sikulia. Nilikimbia mpaka sokoni, kwa shangazi Hadija, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa akiuza vitunguu.

"Shangazi, baba amekufa."

"Nani kakwambia maneno hayo?"

"Nimeona mwenyewe. Mama na Ba wanamwosha."

Akaniangalia. Nadhani kama ningesema "amekufa" peke yake angenipiga kofi. Ni lile neno "wanamwosha" lililommaliza, kwa sababu mtoto hawezi kulitunga. Alijifunga kanga kiunoni akaangua kilio, na soko likamfuata. Mtu akatumwa msikitini. Dereva mmoja aliyekuwa anaelekea Kinampanda akabebeshwa habari. Mimi nilikimbia mbele, na ninaona aibu kuandika hili, lakini nilijiona mkubwa siku ile. Watu wazima walikuwa wananiuliza mimi.

Waliposukuma mlango wa ua, shangazi alikuwa wa kwanza, na nyuma yake wanaume wanne na jeneza la msikiti. Baba, mwenye pamba masikioni, hakuwa amesikia kitu. Alihisi tu maji yamekatika. Akafumbua macho, akanyanyua kichwa kwenye ule ubao, akaona jeneza.

"Kuna nini?" akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia. "Nani amekufa?"

Shangazi alianguka. Mwanamke mmoja alirudi nyuma akakanyaga moto wa sufuria. Wakati kila mtu ameganda, mzee mmoja kati ya wale wabeba jeneza akauliza taratibu, "Sasa bwana, tulirudishe, au tulisubirishe kidogo?"

Ua mzima ukacheka, na baba akacheka kuliko wote, ameshikilia nguo yake isidondoke. Ba peke yake hakucheka. Alikuwa anayatazama maji yake yakipoa.

Alasiri walifika watu wa Kinampanda, wengine kwa miguu, na unga, kuku na maharage, kama ilivyo kwa msiba. Walimkuta marehemu amekaa kitandani anakunywa uji. Kwetu chakula kilichobebwa kwenda msibani hakirudi kwa njia kiliyokuja nayo. Kukirudisha ni kuuchukua msiba ukaupeleka nyumbani kwako. Kwa hiyo walikiacha, nasi tukala siku tatu. Kila sahani ikija baba alikuwa anasema, "Karibuni, mle rambirambi zangu. Wenzangu wote hawakuwahi kuzionja."

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha, na hivyo ndivyo nimekuwa nikiwasimulia wanangu. Haikuishia hapo.

Shangazi alipozinduka alikuwa na hasira ya mtu aliyeaibika mbele ya soko zima. Alisema mdogo wake, yaani baba, hatalala tena juu ya ubao wa maiti maadamu yeye yu hai. "Leo mtoto kaona, kesho malaika wa mauti ataona, atasema kumbe huyu yuko tayari." Wengine wakaongeza yao. Mtu alinong'ona kwamba mwenye duka amenunua lori kwa haraka mno, na mtu mzima kuoshwa akiwa hai si bure, ni ndagu, uchawi wa kutafutia mali, nguvu za miguu yake zinapelekwa dukani. Sitawataja. Walikuwa watu wema waliotuletea maharage. Na shehe wa msikiti wetu alikuja mwenyewe kusema dawa ni dawa, mgonjwa ana ruhusa zake, na ubao ni mti tu. Kwa haki niandike pia kwamba baba hakuwa mtu wa kutishwa. Alimwambia shangazi, "Dada, nakuheshimu, lakini miguu ni yangu."

Ba alituma ujumbe kwamba siku moja imeharibika, ila wakianza tena kabla ya siku tatu kuisha si kitu.

Na mimi siku hizo tatu nilikuwa shuleni. Mnajua watoto.

"Shikamoo, mtoto wa marehemu!"

"Marehemu hajambo? Amekula nini leo?"

"Msimsogelee, baba yake ananuka sanda."

Walikuwa wanatembea nyuma yangu wanne, wamebeba ubao wa kuandikia juu ya mabega kama jeneza, wakiimba. Hata rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja alicheka. Harufu ile niliyoiita ya kupona, nikaanza kuinusa kwenye daftari zangu na kuichukia. Nilisugua jalada kwa mchanga.

Siku ya tatu jioni, jua halijazama, baba aliniita. Ulikuwa uamuzi wa siku ile au basi. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Baba akanishika mkono akasema, "Mama," maana ndivyo alivyoniita, "mimi nataka niendelee na maji ya Ba. Shangazi yako nitaongea naye. Lakini wewe ndiye uliyeshtuka. Sitaki uwe unaota vibaya kwa ajili yangu. Niambie ukweli. Unaogopa?"

Sikuwa naogopa. Hili ndilo jambo lenyewe, sijawahi kuliandika wala kulitamka. Nilishajua maji ni maji. Nilishaambiwa kila kitu, kitambaa na pamba na mvuke. Niliwaza wale wanne na ule ubao wa kuandikia, nikawaza kesho na kesho kutwa, siku tano zote zilizobaki wakiimba nyuma yangu.

Nikasema, "Naogopa, baba."

"Unaogopa nini?"

"Kukuona vile."

Akaniangalia kwa muda. Kisha akaniachia mkono, akapiga godoro kidogo kwa kiganja, kama mtu anayefunga hesabu ya mchezo. "Basi. Tumeacha."

Watu wakaambiwa baba amemtii dada yake mkubwa. Shangazi akafurahi, na mpaka anakufa aliamini ni yeye. Wakati mwingine nilimwacha abebe lawama pale watu walipokasirika. Nalo hilo ni langu.

Baba hakupata kutembea zaidi ya fimbo mbili na kutoka kitandani hadi barazani. Lori likapata utingo mwingine. Ubao ule ukawa benchi la wateja wake wa viatu, na wengi waliukalia bila kujua. Mwaka uliofuata mwenye duka alihamia mjini Singida na mama yake. Sitasema walihama kwa maneno ya watu. Mji ulikuwa unakua na wenye maduka wengi walikuwa wanahama. Siku ya kuondoka Ba alikuja na birika lake moja, akaliweka kwenye mapaja ya baba. "Wewe mtu mzuri," akasema, "lakini hapana maliza dawa." Baba akajibu, "Ndiyo, Ba. Nimekosa." Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango.

Nimewahi kumwuliza nesi mmoja, nikijifanya ninamwulizia mtu mwingine. Alisema maji ya moto na mafuta hulegeza misuli, ila mshipa wa mgongo ukiumia ni jambo jingine, huenda siku kumi na nne zisingefanya kitu, huenda zingefanya kidogo. Nilitaka aseme lolote moja kati ya hayo, hata lile baya. Kidogo ni kiasi gani? Kufika chooni bila kushikwa? Kufika msikitini? Siku tano. Nimezipima maisha yangu yote na sijapata uzito wake.

Leo baada ya kulinusa birika nilichemsha maji. Mnyonyo upo nyuma ya zizi, mwarobaini upo kwa jirani, majani ya mkwaju sikupata. Mama yangu anaumwa magoti siku za baridi kama hii. Nikamkalisha kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni, nikayapima maji kwa kiwiko, nikaanza kummiminia pole pole kwa lile birika la shaba. Harufu ilipopanda, akafumba macho.

"Ba," akasema.

"Mama, nina neno."

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa natazama magoti yake, birika halikusimama. Wale wanne, ubao wa kuandikia, na kwamba nilisema naogopa na sikuwa naogopa. Nilipomaliza maji yalikuwa yamekwisha, nikabaki nimeinamisha birika tupu.

Mama akafumbua macho.

"Baba yako alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Ulipotoka chumbani nilimwambia, mtoto ataisahau hofu yake, wewe endelea. Akasema, 'Siyo hofu ile, mama watoto. Ni aibu. Wanamcheka huko shuleni. Hofu ningemtoa, aibu siwezi.'" Akatikisa maji miguuni. "Nilimkasirikia sana. Mwaka mzima. Ongeza mengine, haya yamepoa."

Nikaenda jikoni kuchota mengine, na nikakaa huko zaidi ya inavyohitajika kuchota maji.

Sijui nifanye nini na jambo hili. Nilidhani nikilitoa litapungua. Miaka yote nilikuwa mtoto aliyemdanganya baba yake, kumbe sikuweza hata hilo. Alikaa na fimbo zake mbili barazani, akinisalimia kila nikitoka shule, "Mama, umeshindaje?", na alikuwa anajua. Hakuniuliza tena. Labda alikuwa ananingoja niseme. Labda hakungoja kitu. Sitamsemea.

Mama anasema magoti yamekuwa mepesi kidogo. Kesho nitatafuta mkwaju. Nimemwambia ni siku kumi na nne na haturuki siku.

Jioni tumekula ugali wa unga uliobaki wa arobaini, na mlenda, na maharage waliyoleta watu wa Kinampanda. Ni mara ya pili nala chakula cha msiba wa baba yangu. Safari hii hakuna aliyetukaribisha.